Wagonjwa wa Siku ya Kazi

Jumatatu mchana mtoto alirudi kutoka shule, akavua viatu, akalala chali katikati ya chumba na kufumba macho. Mama yake, aliyekuwa akipiga pasi mashati ya watu, alidhani homa imeingia. Aliisimamisha pasi, akaja kumgusa paji la uso.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuumwa. Mwalimu Mkuu kasema Ijumaa mimi mgonjwa."

Mtoto huyu wa miaka mitano nyumbani walimwita Katibu, kwa sababu hakuna neno lililosemwa mle ndani likakosa kufika kwa jirani kabla ya magharibi. Alikuwa na tabia ya kutoa taarifa kwa mpangilio, na siku hiyo alitoa yote bila kufumbua macho. Ijumaa ilikuwa Siku ya Kazi. Kila mtoto wa shule ya awali angevaa nguo za kazi ya mzazi wake na kuwaelezea wageni. Madaktari walikuwa watatu, wanajeshi wawili, mhandisi mmoja, polisi mmoja, na rubani mmoja. Wengine waliobaki walikuwa wagonjwa, abiria, na mwizi.

"Mwizi?"

"Mtoto wa fundi viatu. Polisi anatakiwa amkamate mtu."

Ukweli ni kwamba Mwalimu Mkuu, ambaye pia alikuwa mwenye shule, mwalimu wa darasa na mweka hazina, alikuwa na chati ukutani. Chati ilikuwa na picha nane za watu wenye meno meupe, wote wakitabasamu kana kwamba mshahara umeingia asubuhi hiyo. Kazi ambayo haikuwa kwenye chati haikuwa kazi. Alipita meza kwa meza akiuliza, na aliyetaja kitu kisicho na picha alipelekwa mkekani, kwa hoja kwamba daktari hawezi kutibu hewa. Rubani, kwa kweli, alikuwa mtoto wa muuza magodoro. Lakini muuza magodoro ndiye aliyeipa shule tangi la maji, na mtu aliyetoa tangi hapangiwi kazi, anachagua mwenyewe.

"Wewe ulisema nini ulipoulizwa?" mama aliuliza.

"Nilisema baba anasimama. Wakacheka. Mwalimu Mkuu akasema kusimama si kazi. Akasema niseme, baba yangu hana kazi."

"Ukasema?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza hakusikia."

"Na mimi? Hukusema mama yako ni dobi?"

"Nilisema. Akasema kufua kila mama anafua."

Mama alirudi kwenye pasi. Shati lililofuata lilikuwa la mtu wa benki, na lilipigwa pasi siku hiyo kwa nguvu, ingawa halikuwa limemkosea chochote.

Baba mtu alikuwa akisimama kweli. Katika ofisi zote za serikali za mji ule alijulikana kwa jina la Bwana Zamu, na kazi yake ilikuwa kuwapangia foleni watu wasio na muda. Mwenye duka anataka leseni lakini hawezi kufunga duka siku nzima. Mama mjamzito anataka cheti lakini miguu imevimba. Bwana Zamu anafika alfajiri, anashika nafasi, na watu watatu wakibaki mbele yake anampigia mwenyewe aje.

Msidhani ni jambo la kila mwenye miguu miwili. Alivaa soksi mbili mbili. Hakunywa maji asubuhi, maana choo ndicho adui mkubwa wa foleni. Alijua karani yupi ana mkono mzito na yupi hukata kona saa nne kwenda kunywa chai. Na alikuwa na sheria zake: foleni moja, mteja mmoja; aliye nyuma yako mwambie mapema kwamba umemshikia mtu nafasi, asije akaona mtu mgeni amechomoza akaleta fujo; na ukishaingia usitoke. Jiwe halina nafasi, alizoea kusema, wala kofia. Mwenye nafasi ni mtu. Wahenga walisema subira yavuta heri. Miaka kumi na moja Bwana Zamu alikuwa amevuta heri nyingi sana, ila zote za wenzake.

Alipofika nyumbani jioni ile na kusikia habari, alivua soksi zake, mbili mbili. Alikaa akawa anasugua magoti.

"Utanyamaza tu?" mkewe alimuuliza.

"Nafikiri."

"Fikiri haraka basi. Mtoto amelala chali tangu saa nane."

Kesho yake, mteja wake alipokwisha kuhudumiwa na makarani wakafunga madirisha kwenda kula, Bwana Zamu alikata mitaa hadi shuleni. Ilikuwa shule ya vyumba viwili na bembea moja isiyobembea. Mwalimu Mkuu alimpokea mlangoni, namna ya kupokea mtu ambaye hutaki aketi.

"Karibu, mzazi. Kuna tatizo?"

"Shikamoo, Mwalimu. Ni kuhusu mwanangu kuwa mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa ni nafasi muhimu sana. Bila mgonjwa hakuna daktari."

"Sikatai. Ila mtoto kaambiwa aseme sina kazi. Mimi kazi ninayo."

Mwalimu Mkuu alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, hakufika usoni.

"Mzazi, tusivunjiane heshima. Kusimama si kazi. Hata nguzo ya umeme inasimama."

"Nguzo, Mwalimu, haijawahi kumwambia mtu, samahani mama, hapa pana mwenyewe."

"Hapa tunawafundisha watoto wawe na ndoto. Sasa niambie, mtoto gani ataota foleni?"

Bwana Zamu angeweza kumjibu kwamba yeye huziota kila usiku, lakini aliona halitamsaidia. Aliaga. Kutoka nje alipita dirishani akaona wagonjwa wakiwa mkekani wanafundishwa kukohoa kwa zamu, Katibu, binti yake, akiwa wa tatu na akikohoa kwa bidii kushinda wote. Jambo hilo lilimuuma kuliko la nguzo.

Kumbe Mwalimu Mkuu naye alikuwa na lake moyoni. Kibali cha shule kilikuwa kimekwisha muda. Barua ya kwanza aliiweka chini ya vitabu, ya pili akaiweka juu ya ya kwanza. Ya tatu ililetwa na mtu mwenye pikipiki na ilisema kwamba Ijumaa saa sita mchana, kama fomu haijasainiwa dirisha namba nne, geti litafungwa na kutiwa lakiri. Alimpigia simu Afisa wa vibali mwenyewe, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamuulizia hadi afya ya watoto wake. Afisa akamwambia kwa upole kwamba utaratibu ni utaratibu, aje apange foleni kama wananchi wengine. Ndipo Mwalimu Mkuu akapata wazo alilojipongeza nalo usiku kucha: alimwomba Afisa awe mgeni rasmi wa Siku ya Kazi. Afisa alikubali kabla sentensi haijaisha.

Jumatano Mwalimu Mkuu aliingia jengo la vibali na faili lake kifuani. Foleni ilikuwa imeanzia dirishani, ikapita korido, ikateremka ngazi na kutokea uani karibu na mapipa. Dirisha la kwanza lilikuwa la kupokea, la pili la kuhakiki, la tatu la kugonga namba, la nne la saini, na kila dirisha foleni yake. Alisimama dakika kumi. Viatu vyake havikuwa vya shughuli ile.

"Siku tatu hizo, dada," alisema mama mmoja aliyeketi juu ya ndoo. "Kama una kazi zako, mtafute Bwana Zamu. Yule pale, mwenye sweta; leo bado hana mteja."

Mwalimu Mkuu aligeuka na kukuta nguzo ya umeme inamtazama.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimesimama."

Walitazamana. Mama wa ndoo alihisi kuna jambo tamu, akajisogeza.

"Unaweza kunifikishia hili dirisha la nne, Ijumaa kabla ya saa sita?" Mwalimu Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Mimi Ijumaa nina wageni. Siwezi kutoka."

"Naweza."

"Bei yako?"

"Ile ile ya kila mtu. Ila nina neno moja. Ijumaa mwanangu asilale mkekani. Asimame mbele ya wageni aseme kazi ya baba yake."

Alikubali kama mtu anayeng'olewa jino. Bwana Zamu alichukua faili, akalitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akamgeukia mtu wa nyuma yake: "Kaka, kuanzia sasa namshikia nafasi mwalimu huyu." Na Mwalimu Mkuu akasikia jina la kazi yake likitajwa kwa heshima kwenye korido lenye harufu ya mapipa, akaondoka haraka.

Ni baadaye tu, akiwa njiani kurudi nyumbani, Bwana Zamu alipogundua kwamba ameshajifungia nje. Saa ambayo binti yake angekuwa anamtaja yeye, yeye angekuwa dirisha la nne.

"Nitakuwepo mimi," mkewe alimwambia. "Nitakusimulia hadi uchoke."

Siku mbili walimfundisha Katibu maneno yake. "Baba yangu anawapangia watu foleni ili wao wapate muda wa kufanya kazi zao." Alikuwa anayasema akila, akioga, akiwa juu ya kitanda, bila kukosea hata silabi. Mama alimtolea gauni la bluu, akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Baba alimsikiliza na kumsikiliza tena. Kwa mara ya kwanza kazi yake ilionekana kwake ina mwanzo na mwisho, na alifurahi mno, akajizuia asicheke peke yake kama mwendawazimu.

Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amemaliza madirisha matatu ya mwanzo, na Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa wa kwanza dirisha namba nne. Ndani palikuwa na meza, muhuri, na kiti kilichovishwa koti. Saa tatu koti halikuwa limepata mtu. Saa tatu na nusu foleni ikaanza kuguna.

"Katoka kidogo," karani wa dirisha la tatu alisema.

"Kidogo cha kiasi gani?" aliuliza mama wa ndoo, ambaye sasa alikuwa wa pili.

Ilipofika saa nne kasorobo, mfagiaji alipita na ufagio wake na kuwahurumia. "Msijichoshe. Mkubwa kaenda kuwa mgeni rasmi. Kuna shule ya vichanga wana Siku ya Kazi."

Bwana Zamu alianza kucheka. Alicheka hadi mama wa ndoo akarudi nyuma hatua moja, jambo ambalo kwenye foleni halifanyiki hivi hivi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwita mgeni na kulifunga dirisha lake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Alimpigia simu. Ilikuwa imezimwa, kwa heshima ya mgeni.

Alitazama koti. Alitazama saa ya ukutani. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya miaka kumi na moja.

"Shangazi," alimwambia mama wa ndoo, "natoka."

"Wewe? Unatoka wapi?"

"Kwenye foleni."

Habari hiyo iliteremka ngazi hadi kwenye mapipa, na watu wakatoa vichwa kumwangalia akipita.

Shuleni palikuwa pamefungwa hema. Meza kuu ilikuwa na maua ya plastiki na kitambaa cheupe ambacho mkewe alikuwa amekifua na kukipiga pasi Alhamisi. Afisa alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Watoto, kazi ni uhai," alikuwa anasema. "Na kazi maana yake ni kuwepo! Mtu asiyekuwepo mahali pake pa kazi huyo anawaibia nani?"

"Wananchiii!" watoto waliitikia, maana walikuwa wamefanyishwa mazoezi.

Bwana Zamu alimwona mkewe amesimama nyuma ya viti, mikono kifuani, uso umekunjwa. Kisha akafuata macho yake. Binti yao alikuwa amelala mkekani, gauni la bluu limejikunja, kichwani amefungwa bendeji.

"Kasema ratiba imebana," mkewe alimnong'oneza. "Kasema wa mkekani watatajwa kwa jumla. Na wewe umefuata nini huku?"

Kabla hajajibu Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika, akitabasamu kwa ajili ya hadhira na kumfinya mkono kwa ajili yake.

"Umeacha foleni! Unataka kuniua?"

"Foleni iko pale pale, Mwalimu. Aliyeacha dirisha ni yule anayekunywa soda yako."

Ilimchukua muda kidogo. Kisha tabasamu likamtoka usoni, macho yakamtoka pima.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano kasorobo."

"Nipe faili. Nafunga sherehe, naondoka naye sasa hivi."

"Wa mkekani hawajasema."

"Mzazi, shule inafungwa! Unaelewa? Hata huyo mwanao atakosa pa kusoma!"

Alielewa vizuri sana. Lakini alilibana faili kwapani.

"Mwanangu alipewa zamu. Mimi sijaruka zamu ya mtu maisha yangu yote, na leo yangu hairukwi. Akisema, faili hili hapa."

Pembeni rubani alikuwa amemaliza. Alikuwa na kofia yenye utepe wa dhahabu na mabawa ya boksi, alizunguka hema mara mbili akinguruma, na hema likatetemeka kwa makofi. Afisa mwenyewe alipiga saluti. Mwalimu Mkuu alirudi mbele akijifuta jasho. Alisema kwamba kwa kuwa shule yetu haibagui, tutamsikiliza na mmoja wa wagonjwa wetu, kwa kifupi, kwa kifupi sana. Watu wakacheka. Afisa akatazama saa.

Katibu aliinuka mkekani. Bendeji ilimteremkia jicho moja, akaisukuma juu. Alipewa kipaza sauti kilichokuwa kizito kwake. Alitazama meza kuu, akamtazama rubani aliyekuwa bado anapongezwa, akatafuta nyuma ya viti mpaka akamwona baba yake, ambaye hakumtegemea. Akafurahi. Furaha ilimjaa uso mzima. Bwana Zamu aliitikia kwa kichwa kumpa moyo, midomo yake ikiwa tayari imeanza: baba yangu anawapangia...

"Baba yangu," Katibu alisema kwa sauti kubwa, "ni rubani."

Makofi yalikuwa makubwa. Mwalimu Mkuu alipiga kuliko wote, kwa shukrani ya kweli, maana maneno yalikuwa manne tu na yote yalikuwa kwenye chati. Afisa aliinuka akicheka, akapita katikati ya viti, akampa mkono mtu wa sweta.

"Rubani! Ndege umeiegesha wapi?"

Hema lilivunjika mbavu. Bwana Zamu alicheka nao, kwa sababu mtu anapochekwa mbele ya mwanawe hana muda mrefu wa kuchagua. Kisha akatoa faili kwapani na kulikabidhi.

Mwalimu Mkuu aliondoka ndani ya gari la Afisa. Waliingia jengo la vibali kwa mlango wa nyuma, ambao hauna foleni, na saa tano na dakika arobaini kibali kilikuwa kimesainiwa na kugongwa muhuri. Upande wa mbele mama wa ndoo na wenzake walikuwa bado wanalitazama koti.

Wao watatu walirudi nyumbani kwa miguu. Katibu alitembea katikati, bendeji imegeuka kuwa mkufu.

"Kwa nini hukusema tulivyokufundisha?" mama aliuliza mwishowe. Alikusudia kuuliza kwa upole, lakini sauti ilimsaliti.

"Kusimama wanakucheka," Katibu alijibu. "Mwalimu alisema baba hana kazi. Mama, hukusikia walivyopiga makofi?"

"Nilisikia."

Katibu aliushika mkono wa baba yake na kuuvuta mpaka akamtazama.

"Baba, nimekupatia kazi."

Mama aligeukia upande wa pili wa barabara, akawa kama anatafuta kitu pale. Baba alichuchumaa, akaiweka sawa bendeji shingoni mwa binti yake.

"Asante, mama," alisema hatimaye. "Naanza lini?"

"Jumatatu," alisema Katibu. "Lakini usichelewe."